Vidonge vya Njano vya Hamisi

Jumanne, 5 Aprili 1994

Umeme umekatika saluni asubuhi, wateja wanne wana dawa ya nywele kichwani. Mgao walisema kesho. Kesho yao imekuja leo. Nimechemsha maji kwenye jiko la mkaa, nikawasuuza mmoja mmoja barazani, Mtaa wa Sikukuu mzima unatazama. Mwalimu mmoja wa Buguruni alikuwa na rola tayari, anasubiri draya. Nikamwambia jua la Kariakoo ni draya ya Mungu, halina mgao. Akacheka, akavuta kiti nje, akakaa juani na rola zake. Watu wakadhani ni tangazo la biashara. Nimepata wateja wawili wapya kwa ajili yake.

Mama mkwe, Bi Mwamvita, kaleta chupa nyingine ya dawa ya chango, eti nishike mimba. Mizizi ya Tabora safari hii. Nimepokea kwa mikono miwili, nimeshukuru, nimeipanga kabatini na wenzake. Miaka sita ya ndoa, chupa haziishi. Ya kwanza niliinywa, nikatapika mpaka nyongo. Zilizofuata naunywesha mwarobaini wa uani. Mwarobaini umenawiri ajabu.

Mume wangu Hamisi kafunga duka lake mapema, kaja na mishikaki. Spea za baiskeli zinatoka vizuri. Zamani mteja alimbembeleza mwenye duka. Siku hizi mwenye duka ndiye anayemwita mteja shemeji.

Ijumaa, 8 Aprili

Bi Mwamvita kalisema leo, huku anachambua mchele. Kuna msichana Tabora, mtoto wa binamu yake. Masika yakiisha atakuja kututembelea. Atakaa.

Najua kutembelea kwa namna hiyo.

Simchukii mama huyu. Niandike hivyo maana ni kweli. Nilipougua malaria alinilisha uji kwa kijiko. Anataka mjukuu tu. Na mimi nataka mtoto. Nataka mpaka nikisuka kichwa cha mtoto wa mtu vidole vinakawia kwenye kisogo. Hili simwambii mtu.

Mwaka jana nilipigwa picha ya mirija hospitali kubwa. Kabla ya picha waliniuliza kama nimewahi kuugua magonjwa ya huko chini. Uvimbe wa ndani usipotibiwa huacha makovu, mirija ikaziba, mwanamke akahangaika bure. Picha ikatoka safi. Mirija wazi yote miwili. Hamisi aliiinua dirishani akaitazama, akasema Alhamdulillahi, akairudisha kwenye bahasha. Hakuna aliyeuliza swali la pili, hata mimi. Hapa kwetu mwanaume hapimwi. Ndevu zinamtosha kuwa cheti.

Na Hamisi ni mzima. Tumbo lake tu, na lenyewe limetulia. Lilimwanza mwaka ule ule tuliooana. Utumbo mpana unavimba ndani, unatoka damu, anakimbilia chooni mara kumi kwa siku. Mpaka leo ukimuuliza choo kizuri karibu na Msimbazi anakutajia na jina la mwenye nyumba. Hospitali wakampa vidonge vya njano, ugonjwa ukalala. Anavimeza na chai kila asubuhi na kila jioni kama vitafunwa. Hata hatuviiti dawa tena.

Jumapili, 17 Aprili

Nimecheka msibani. Mungu anisamehe.

Baba mdogo wa Hamisi, Mzee Kasimu, alizikwa Ijumaa. Leo tumeanua tanga. Hamisi ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi watani wao ni Wazaramo, sisi. Mimi mwenyewe ni mtani wa nyumba hii, lakini nilipoolewa tu ukwe ukaumeza utani. Bi Zena haujamezwa wake. Huyu ni Mzaramo mwenzangu, si ndugu, anauza mitumba Mchikichini, mdomo hauna breki. Ijumaa alilala kizingitini, jeneza halipiti mpaka apewe kilo mbili za sukari. Kapewa. Mtani hakatazwi, wala hanuniwi. Akinuniwa, aliyenuna ndiye mwenye kosa.

Leo wanaume wamekaa mkekani, viatu vimepangwa pembeni. Bi Zena akaja, akachagua pea ya Hamisi, vile vyeusi vya Idi, akaviweka chini akavikalia. Hamisi akatoa noti. Bi Zena akaisukuma. Akapaza sauti uani kote:

"Pesa zako za minyororo sizitaki, Mnyamwezi wee! Miaka sita mnakagua chungu tu, mmekigonga, mmekisugua, mmekipiga na picha. Kuni nani kazitazama? Kuni mbichi hizo! Naapa siondoki juu ya viatu hivi mpaka useme hapa mbele ya msiba kwamba utakwenda kupimwa."

Halafu shehe mwenyewe akaanza kucheka, mabega yanatikisika. Basi mkeka mzima ukaenda. Mawifi wote wakanitazama mimi. Sikumtuma! Lakini nilikuwa nimeziba mdomo na upande wa khanga, machozi yananitoka.

Hamisi alisimama pekupeku. Akasema, "Nitakwenda." Watu wakapiga makofi, tangani.

Jumatatu, 18 Aprili

Hamisi kaenda dukani, karudi. Anakula tu. Bi Mwamvita anasema utani siku hizi umekosa adabu. Lakini ahadi ya mtani iliyotolewa msibani haivunjwi. Anajua, na yeye Hamisi anajua. Nimepiga viatu vile rangi mpaka vinang'aa.

Jumatano, 27 Aprili

Zahanati ya Daktari Salome, Upanga. Ya binafsi. Toka serikali iziruhusu tena, kila kona kibao. Hii ina viti vyenye mito na feni inayozunguka kweli. Daktari mwenyewe ni mama wa makamo, nywele fupi za asili, kazichana vizuri. Nikamwamini.

Alituuliza sote wawili, haki sawa. Nilipenda hilo. Mimi nikatoa picha yangu ya mirija. Hamisi akaulizwa maradhi. Hana. Matubwitubwi utotoni? Hapana. Kisonono? Astaghafiru, hapana! Dawa zozote anazotumia? Hatumii. Sigara? Hapana. Kila hapana ilimvimbisha kifua zaidi. Nilikuwa nampigia makofi moyoni.

Daktari anasema uvimbe wa ndani si wa wanawake peke yao. Hata mwanaume akiugua huko bila kutibiwa, njia za mbegu zinavimba, zinaziba. Hamisi alikuwa anaangalia feni.

Kapewa chupa tupu, ya mbegu.

Jumatatu, 2 Mei

Siku ya chupa. Nitaikumbuka mpaka kaburini.

Masharti: mzigo utoke nyumbani, ufike maabara kabla haujapoa. Nyumba yetu ina wapangaji kila chumba na Bi Mwamvita mlangoni anachambua mchicha. Nikamwita aje anisaidie kushona pazia saluni. Pazia zima kabisa. Nikalichana kwanza, ndiyo nikamwita, nikamwacha huko na sindano.

Hamisi akatoka na koti, mwezi wa tano, jasho linamtiririka. Chupa iko kwapani, kwapa la kulia, kwa ajili ya joto. Sasa ndiyo Kariakoo nzima inataka kumpa mkono. Muuza nazi, imamu, yule fundi wa redio. Mkono wa kushoto haupeani salamu, wa kulia haunyanyuki. Akawa anapeana vidole kiwiko kimegandishwa ubavuni. Mzee Mshamu akamwuliza, "Mwanangu, una jipu?" Akajibu, "Ndiyo, baba. Baya." Akaombewa dua pale pale, barabarani, Hamisi kainamisha kichwa, mimi nauma midomo.

Tulikodi teksi Msimbazi. Ndani ya teksi tulicheka mpaka dereva akazima redio ili asikie kuna nini. Siku nyingi hatujacheka hivyo.

Alhamisi, 5 Mei

Majibu. Mbegu ni chache sana, na hizo chache ni dhaifu. Haziogelei.

Daktari kasema kipimo kitarudiwa, na sababu itatafutwa. Hamisi hakusikia zaidi ya hapo, nilimwona usoni. Alirudi kwa miguu peke yake kutoka Upanga. Duka hakufungua.

Jumamosi, 7 Mei

Kasema nataka nikuandikie talaka, wewe bado mbichi, utazaa kwa mwingine. Kasema kwa upole, hilo ndilo lililoniudhi.

Nimemtupia kitana. Kile cha chuma. Kimempata begani.

Nikamwambia, "Miaka sita mimi ndiye mgumba wa mtaa. Uliniandikia talaka?" Kashika bega. "Basi zamu yako. Kaa." Nikaenda kulia chooni, halafu nikatoka nikapika biriani, siku ambayo si sikukuu wala Ijumaa. Alikula sahani mbili. Nina hasira naye na nampenda, yote kwa mpigo, inachosha.

Jumatano, 11 Mei

Andika, Mwanahawa, andika kabla hujasahau hata kimoja.

Daktari alikuwa ameniambia nilete kila kinachoingia mdomoni mwa Hamisi. Anashuku dawa za kienyeji. Basi leo nimefunga saluni, nimejaza kikapu. Chupa za Bi Mwamvita, maana siku hizi kaanza kumpa na mwanawe. Asali. Unga wa mlonge. Nazi changa. Hata supu ya pweza ya soko la Feri nimechukua kwenye kopo, Hamisi anaiamini kuliko hospitali. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikaona kopo la vidonge vya njano juu ya meza, pembeni ya sukari. Nikasita. Dawa ya tumbo, inahusu nini huku? Nikalitumbukiza tu, kwa sababu kaniambia kila kitu na mimi nikiambiwa kila kitu naleta kila kitu.

Daktari Salome akachungulia. Chupa akazisogeza. Pweza akaifunika, harufu imemzidi. Akatoa kopo la njano, akasoma, akaketi vizuri.

"Anakunywa hivi tangu lini?"

Nikamwambia. Akafunga macho, akayafungua, akaanza kutabasamu.

Ni hivi. Kile kidonge ni vitu viwili vimefungwa pamoja. Kimoja kinatibu uvimbe wa utumbo. Kingine ni salfa inayokibeba. Salfa hiyo ndiyo inayodhoofisha mbegu za mwanaume. Haiziui kabisa, inazikalia tu. Akiacha, zinarudi, inachukua kama miezi mitatu. Wanaume wengi hawajui kwa sababu hakuna anayewaambia, na hakuna anayewaambia kwa sababu wao hawasemi kama wanaumwa.

Nikamwuliza, kwa hiyo mume wangu si mgumba? Akasema, mume wako ana dawa isiyomfaa mwenye kutaka mtoto, basi.

Nimembusu mkono. Kashtuka, lakini hakuuvuta.

Ila kasisitiza, kanishika na bega kabisa: asiache vidonge ghafla, wala peke yake. Ugonjwa ukichachamaa ni hatari kwa maisha, na wenyewe pia unapunguza uzazi, kwa mwanaume hata kwa mwanamke mwenye ugonjwa kama huo. Kuna dawa mpya, ile ile bila salfa. Haipatikani kirahisi hapa. Nitafute mtu anayeagiza. Mpaka ifike, za njano ziendelee.

Nilitembea kutoka Upanga mpaka Kariakoo, sijui nilipita wapi. Nilimkuta Hamisi ameinama anafunga tairi. Nikamwambia palepale sakafuni, katikati ya spoki. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu akawa anacheka na kulia, mikono ina grisi, kanishika uso. Nimerudi saluni na mashavu meusi. Wateja hawakuuliza, adabu iliyoje.

Alhamisi, 12 Mei

Duka la dawa la Mzee Jayanti, Mtaa wa Uhuru. Babu yake alianza na viungo, baba yake na sabuni, yeye na vidonge. Kavaa miwani akasoma karatasi ya daktari. Kasema iko Bombay, ndugu yake ataituma kwa ndege.

"Zamani ningekuambia subiri kibali, subiri dola, subiri mpaka uzeeke. Sasa soko huria, mama! Wiki chache tu."

Halafu akavua miwani. Akasema, mimi mwenyewe nimemuuzia huyu kijana njano miaka yote, naona anapona, nafurahi. Sikuwahi kuuliza kama ana mtoto. Uso ukamsawijika. Nikamwambia hata mimi ninayelala naye sikuuliza, atapata wapi swali mwenye duka? Akacheka, akanipa peremende kama mtoto.

Jumanne, 24 Mei

Mvua kubwa jana. Leo nimekwenda uani kumimina chupa mpya ya Bi Mwamvita chini ya mwarobaini, nikakuta matope ya njano. Rangi kali, kama bizari. Nikachokoa na kijiti. Vidonge. Vingine havijayeyuka.

Mume wangu anautupia mwarobaini dawa yake! Mti mmoja sasa unatibiwa kienyeji na kihospitali.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Leo asubuhi alikwenda chooni mara nne.

Nimembana. Kakiri. Aliacha siku ile ile niliyomwambia. Anasema Bombay mbali, hakuweza kuendelea kumeza kitu kinachomkalia mtoto wake. Hivyo ndivyo alivyosema, mtoto wake, kana kwamba yuko mlangoni anabisha. Nilitaka kumpiga, nikashindwa.

Ijumaa, 27 Mei

Damu. Nyingi. Amelazwa.

Dripu mkono mmoja, homa, macho yameingia ndani. Amekonda kwa siku tatu kama aliyefunga mwezi mzima. Madaktari hapa wanajua kazi yao, wamempa dawa za kutuliza uvimbe haraka. Wanasema tusubiri.

Mtoto sitaki. Yeyote anayesikia dua za kimoyomoyo asikie na hii. Namtaka Hamisi.

Jumapili, 29 Mei

Homa imeshuka. Kala uji, kaomba chumvi. Kulalamikia chumvi ni dalili njema.

Bi Mwamvita alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, anasema zake: msichana wa Tabora akija atasaidia kuuguza. Hamisi akamkatiza. Mimi nilikuwa namenya chungwa. Akamwambia mama yake kila kitu, kwa sauti ya kawaida, wodi nzima inasikia. Kwamba tatizo liko kwake. Kwamba mke wake ni mzima na picha ipo. Kwamba hata ukileta wasichana kumi wa Tabora utakuwa unawaongezea Wazaramo kicheko.

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile. Chungwa likanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Bi Mwamvita akavaa ndala. Akainuka, akajifunga khanga, akaondoka.

Jumatatu, 30 Mei

Nimerudi nyumbani kubadili nguo. Kabati wazi, chupa hazipo hata moja. Nikachungulia dirishani. Bi Mwamvita yuko uani, kapiga magoti, anazimimina zote chini ya mwarobaini.

Nikarudi nyuma taratibu. Aliponiona baadaye akasema tu kwamba kamtuma dereva wa lori la Tabora na ujumbe, yule msichana aolewe huko huko. Halafu akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Akanipakulia.

Jumamosi, 18 Juni

DAWA IMEFIKA. Mzee Jayanti kaileta mwenyewe, boksi mkononi, hakutaka kumtuma mtu. Hamisi yuko nyumbani wiki ya pili, anatembea, anagombana na wateja, yu mzima. Akameza kidonge kipya cha kwanza mbele yetu sote. Mzee Jayanti, Bi Mwamvita, mimi. Tunamtazama koo. Kidonge kikapita. Bi Mwamvita akasema Bismillahi, kachelewa.

Jirani kanunua televisheni, Kombe la Dunia limeanza, mtaa mzima uko dirishani kwake. Mzee Jayanti kabaki kutazama mpira. Hajui timu yoyote, alishangilia kila goli.

Jumatano, 3 Agosti

Hamisi kanenepa. Mkanda umerudi tundu mbili. Tumbo kimya. Nimenunua jenereta, dogo, linapiga kelele kuliko wateja. Mgao na uje sasa.

Alhamisi, 22 Septemba

Chupa ya pili. Safari hii Bi Mwamvita mwenyewe aliondoka nyumbani bila kuambiwa, akasema anakwenda sokoni kununua bamia. Akakaa sokoni nusu siku. Karudi bila bamia.

Daktari Salome akamwita Hamisi maabara akamwonyesha kwenye hadubini. Mimi sikuingia, nilimsikia tu akipiga kelele. Katoka macho yamemtoka. Anasema ni kama Mtaa wa Kongo siku moja kabla ya Idi, watu hawapati pa kukanyaga. Anasema zinasukumana! Kamwambia dereva wa teksi. Kamwambia fundi wa redio. Nimemwomba anyamaze kabla hajafika kwa imamu.

Jumanne, 18 Oktoba

Nimeingia mwezini. Nimelia kidogo, nimefua mashuka, nimemaliza. Hamisi kanisaidia kukamua.

Jumatatu, 28 Novemba

Zimepita siku. Sitaandika ngapi. Sitaandika kitu.

Jumanne, 6 Desemba

Ipo.

Daktari Salome kanionyesha karatasi, nikaisoma, nikamwuliza ni yangu? Akasema humu ndani tuko wangapi?

Nilikwenda moja kwa moja dukani. Hamisi alikuwa anamhudumia mteja wa kengele ya baiskeli. Nilitikisa kichwa tu, juu na chini. Akamwambia mteja chukua. Mteja akauliza bei. Akasema chukua, na pedeli chukua, chukua na tandiko! Nikalazimika kumkimbilia yule mtu njiani nimnyang'anye tandiko. Biashara ni biashara.

Bi Mwamvita hatukupanga kumwambia mapema, mimba changa haitangazwi. Lakini alitutazama wakati wa chakula, mmoja hadi mwingine, akaweka kijiko chini. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tukasikia anapiga vigelegele, kauziba mdomo kwenye mto.

Bi Zena sijui nani kamwambia. Jioni hii kapita mbele ya saluni na bunda lake la mitumba kichwani, hakusimama, hakusalimia. Kaimba tu: "Kuni zimekaukaaa!" Mpaka kona ya Mtaa wa Kongo.

Jumapili, 12 Machi 1995

Saluni nimefunga. Bi Mwamvita kaenda kumjulia hali mgonjwa Temeke. Nyumba kimya, wapangaji wako kanisani au wamelala.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha uani na ungo, nachagua mchele. Hamisi anafua kule kwenye karo. Jua dogo. Kikanigonga ndani, upande wa kushoto, chini. Kidogo tu. Nikaacha mkono juu ya mchele. Kikagonga tena.

Sikupiga kelele. Nilikaa nacho peke yangu kwanza. Nikatoa kijiwe kimoja, nikatoa kingine. Halafu nikamwita.

Akaja na povu mikononi mpaka kwenye viwiko. Akajifuta kwenye shati, akapiga magoti, akaweka kiganja nilipomwonyesha. Mtoto akagoma. Tukangoja. Nikamwambia pengine kalala. Akasema hana haraka.

Sabuni ikamkaukia mikononi. Mchele ukabaki kwenye ungo. Kuku wa jirani akaja akadonoa pembeni, hakuna aliyemfukuza. Chakula cha mchana tulikula baada ya alasiri.